Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 5 Mei
Vipindi sita leo, vinne vya Kiingereza. He, she, it, tunaweka s. Watoto wanaimba, mimi naimba nao. Mchana nimekimbia nyumbani kumlisha mama, nikarudi na tope hadi magotini. Mama amepooza upande wa kulia. Mkono wa kushoto mzima kabisa, ila hataki kuutumia kula. Anasema hajawahi kula kwa kushoto na hataanza uzeeni. Kulishwa na jirani pia hataki. Basi ananisubiri mimi.

Jumanne, 6 Mei
Mwalimu Mkuu ametangaza: mkaguzi anakuja wiki ijayo. Siku hizi wanaitwa wathibiti ubora, lakini woga ni uleule. Ataangalia Kiingereza, darasa la tano. Langu.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine sijausema. Sijui Kiingereza. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Jamii. Mama alipoanguka nilikuwa nafundisha Turiani, na shule hii ya huku juu ya Mkuyuni ilitaka mwalimu wa Kiingereza tu. Nikasema ninafundisha Kiingereza. Nikahamishwa. Mwaka wa pili sasa nanakili kitabu ubaoni na kumwomba Mungu mtoto asiulize kitu.

Alhamisi, 8 Mei
Mazoezi ya ugeni. Sentensi nane, zilezile kila siku. Anayejua jibu ananyoosha mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto. Mgeni anaona mikono yote juu, mimi nachagua ya kulia tu. Sikubuni mimi. Na sisi tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo.

Watoto wanaona ni mchezo. Tausi hachezi. Anakaa dawati la mbele, ana akili za kuudhi. Ameuliza kwa nini sentensi moja ya kitabu ina mkato na nyingine haina. Nimemwambia akae. Nimejichukia mpaka kengele ya kutoka.

Jumapili, 11 Mei
Ukungu mlimani tangu asubuhi. Nimejaribu kitabu cha sarufi, kurasa tatu. Maelezo ya Kiingereza yameandikwa kwa Kiingereza. Nimekifunga.

Jumanne, 13 Mei
Amekuja. Viatu vyake vilijaa tope, akawa na haraka. Sentensi nane zikapita bila kosa. Nikaanza kupumua.

Ndipo akasimama mwenyewe. Akaonyesha ile s ya "She goes to the market" akauliza why. Neno hilo nalijua. Jibu, zaidi ya ule wimbo wetu, silijui. Darasa zima likanyoosha mikono. Ya kushoto, yote, hadi Tausi.

Alitazama mikono ile, akatabasamu. Akasema wote wanajua, hana haja ya kumsumbua mtu. Wingu lilikuwa linashuka na barabara ya kurudi mjini anaiogopa. Akaandika ripoti, akaondoka. Sikuona raha yoyote. Niliona aibu.

Jumatano, 14 Mei
Sifa zimesomwa ofisini. Mwamko mkubwa wa wanafunzi. Mwalimu Mkuu ameniongezea darasa la saba, wale wa mtihani wa taifa. Tena nitaandaa semina ya walimu wa Kiingereza wa kata nzima. Wenzangu walipiga makofi. Nilicheka nao.

Mapumziko Tausi akanifuata. "Shikamoo mwalimu. Lile swali la mgeni, jibu lake nini?" Nikamwambia tutalisoma kesho.

Alhamisi, 15 Mei
Sikulisoma. Nimesema kichwa kinaniuma, wakachora ramani.

Nimezungushiwa ukuta, na matofali nilifyatua mwenyewe. Nikisema, nahamishwa. Mama haondoki hapa, shamba hili ni la ukoo wa mama yake, na mimi nisipokuwepo hali chakula. Nisiposema, watoto wa la saba wanaingia kwenye mtihani na wimbo wangu tu.

Ijumaa, 16 Mei
Kipindi cha pili nimeandika sentensi ileile ubaoni. Nikauliza kwa nini. Mikono ya kushoto ikapanda, wamezoea.

Nikaweka chaki. Nikanyoosha wa kwangu. Wa kushoto.

Hawakucheka. Tausi alinitazama, kisha akashusha mkono wake taratibu. Nimewaambia sijui, na kwamba nilipaswa kuwaambia zamani. Kisha nikaenda ofisini, nikamwambia Mwalimu Mkuu kila kitu, tangu Turiani. Alinisikiliza akiwa ameshika miwani yake. Hakunifokea. Amesema hawezi kunificha, Jumatatu anaandika barua wilayani. Akaniuliza, "Na mama yako?"

Jumamosi, 17 Mei
Mvua imekata. Nimefua.

Mchana nimepika wali na mchicha, nikakaa kitandani kwa mama na kumweleza yote. Uongo, mkaguzi, barua. Nimemwambia huenda nikapelekwa mbali. Chakula kikaanza kupoa, nikachukua kijiko.

Akasema, "Lete." Nikakileta mdomoni. Akageuza uso. "Lete hapa."

Alikipokea kwa mkono wa kushoto. Akasema bismillahi kwa sauti ndogo. Nusu ya wali ilimwagika kifuani. Nikataka kumsaidia, akanikataza kwa macho. Kijiko cha pili kikafika mdomoni.

Nilikaa pale mpaka sahani ikaisha. Tulichukua muda mrefu sana.