Masika Mugongoni

Mama Masika,

Bwana akupe raha ya milele kule uliko. Nakuandikia nikikaa kwenye kiti chako ya jikoni, ile yenye muguu moja mufupi, na mugongo wote unaniuma. Usicheke kwanza. Utacheka tu, lakini ngoja nifike.

Mutoto wetu Masika alikuwa lopitali. Ilianza na kikohozi kidogo, nikamupa asali kama wewe ulivyozoea. Kisha mbavu zikaanza kuingia ndani kila akivuta pumzi, na kifua kinapiga filimbi. Muganga akasema ni pneumonie, homa ya mapafu. Machine ya oksijeni iko, lakini mafuta ya kuiwasha hapana, sababu vita imefunga barabara ya Beni. Basi ni sindano na maombi. Akaniambia: "Papa, huyu asilale chali hata kidogo. Akae wima, pumzi ipate njia."

Wima! Na unajua lopitali yetu, mwenye kulinda mugonjwa ndiye anapika, anafua, anateka maji. Chumba kizima bamama tu, mwanaume ni mimi, na mbabula yako, lile jiko ya makala. Uji wangu wa kwanza, jirani wa kitanda, Mama Zaina, Muislamu mumoja wa Beni, alichungulia ndani ya sufuria akauliza, "Papa Masika, unataka kujenga ukuta?"

Mikono mbili haikutosha. Nikachukua kikwembe chako, kile kitenge ya kijani, nikamufunga Masika mugongoni. Ndiyo, mimi! Unajua kwetu mwanaume habebi mutoto mugongoni, hata nyumba ikiungua anamubeba mukononi. Nikamufunga namna ninayojua: kama mufuko ya biazi kwenye chukudu yangu, baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, siku ya kushuka mulima. Nikazungusha, nikakaza na meno, nikamalizia na kamba ya mupira ili asianguke kwenye kona.

Bamama bakaacha kunyonyesha. Midomo ya Masika ikaanza kugeuka rangi.

"Fungua! Huyu si mufuko ya biazi ya soko la Lubero, huyu ana mapafu!" Mama Zaina akakata kamba yangu na kisu ya kukatia bitunguru. Ee Mama Masika! Nilianza Salamu Maria mara nyingi, sikumaliza hata moja.

Pumzi yake iliporudi, bakanifundisha. Inama. Mutoto apande mwenyewe. Kikwembe ipite chini ya matako, ije mbele, ishikwe juu ya maziwa.

"Huyu hana maziwa," mumoja akasema. "Itashikwa na nini?"

"Na haya yake!" Mama Zaina akajibu.

Na kweli, ikashikwa. Masika akasinzia wima, shavu kwenye shingo yangu, pumzi yake inakwaruza kama musumeno. Nikapika naye, nikafua naye, nikasali naye. Bamama bakaniita Mama Chukudu, na mimi nikaitika.

Halafu asubuhi moja risasi zikalia upande wa soko. Bote chini ya bitanda! Na mimi nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, nikasahau kama niko na muzigo. Tukakwama. Mbele hapana, nyuma hapana, matako yangu yote nje inangoja adui. Ndipo Masika akalia. Si kile kilio cha paka mugonjwa, hapana. Alilia kwa hasira, kwa sauti yote, kama siku ulimunyima sukari.

Muganga, naye chini ya kitanda yake, akaita, "Nani analia hivyo?"

"Ni Masika!"

"Basi pumzi inapita! Mungu asifiwe!"

Bamama bakapiga vigelegele palepale chini ya bitanda, na risasi bado zinalia. Kumbe ni basoda, baaskari ba serikali, bamepata mushahara, banapiga hewani kwa furaha.

Na mimi nikalia. Niliwaambia ni vumbi.

Jana tumerudi nyumbani. Nikapita naye mugongoni mbele ya benzangu ba chukudu. Bakapiga kelele: "Eh, hiyo marchandise, hiyo bidhaa, ni ya nani?" Nikajibu, "Ya mama yake."

Pumzika, Mama Masika. Kikwembe nimeifua, iko kwenye kamba. Nakuahidi nitamubeba huyu mutoto mpaka miguu yake ikokote udongo nyuma yangu, na yeye mwenyewe aone haya.

Sasa amelala kitandani. Chali, muganga sasa amemuruhusu, mudomo wazi, anakoroma kama wewe. Na mimi simugeuzi.

Bwana yako,
Papa Masika