Maji ya Vita kwa Mtoto Mwenye Mafua

Mjukuu wangu Mwanahawa,

Huku Utete sote wazima, ila ndege wanatumalizia mpunga.

Sasa wewe! Mtoto ana mafua tu, unaniuliza kama mganga amnyunyizie maji? Jamani, mnanichosha. Wakati wa Maji Maji nilikuwa kigori. Baba alileta dawa ya vita, maji ya kuzuia risasi, na mama akammwagia mdogo wangu mwenye mafua. Kutwa alitetemeka, kamasi zikazidi. Bibi yangu akamkausha, akamfunika kaniki, akamnywesha uji. Kisha akamgeukia baba: "Mwanangu, maji haya yameshindwa na kamasi. Risasi yataiweza?" Baba akacheka, akaenda vitani.

Mkaushe mtoto, mfunike, mpe uji vuguvugu. Akihema kwa shida, mkimbize hospitali.

Mdogo wangu alipona. Baba hatujamzika mpaka leo.

Bibi yako