Bata wa Kukosea

Jumamosi, 3 Mei

Nimenunua. Mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na mwenye neno aje aniambie usoni.

Wiki nzima nyumba hii haina wimbo mwingine: tableti ya kujifunzia, tableti ya kujifunzia. Chekechea wametangaza kila mtoto awe na yake, na hedifoni zake. Aina tatu wamezikubali, mzazi achague. Matokeo yanakwenda moja kwa moja kwenye simu ya mwalimu, na mwisho wa muhula hayo ndiyo yatakayoamua nani apande chumba cha juu na nani abaki na wadogo. Watoto wa miaka minne! Mimi nafundisha watu wazima udereva, na hata sisi tunamwacha mtu kwanza ajue kiti kinasogezwaje.

Baba Kijiko alikuwa ameshaamua. Ya bluu. Lugha nne, ramani ya dunia, na mwanamke humo ndani anayeongea kama msoma taarifa ya habari. Dada yake kamnunulia mwanawe hiyohiyo, kwa hiyo ikawa sheria. Nikasema hapana, twende naye dukani, mwenye kuitumia achague. Akacheka. Mwenye kuitumia wakati huo alikuwa chini ya meza anagonga miguu ya kiti kwa kijiko. Ndiyo maana tukamwita Kijiko, tangu aanze kutambaa hajawahi kukiacha.

Dukani nilikuwa mkali. Hedifoni nilizivaa mwenyewe moja moja mpaka nikapata zisizobana masikio, na ambazo sauti haipandi kupita kiasi hata uzibembeleze. Za maua nikazirudisha, waya mwembamba kama uzi. Kava nikaivisha mashine ya maonyesho, nikaiachia ianguke sakafuni. Mama muuzaji akashika kifua. Nikamwambia nyumbani itaangushwa na mtu asiye na huruma kuliko mimi.

Ya bluu Kijiko aliibonyeza, akapiga miayo. Ya waridi inaimba, akaziba masikio. Ya njano, yenye vitufe vinene, ikamuuliza kitu—sikusikia nini—akabonyeza, na kwenye skrini bata akateleza kwenye ubao, chubwi! Akaibuka na majani kichwani, analalamika. Mwanangu alicheka mpaka akakaa chini. Kile kicheko chake cha tumboni. Nikamwambia mama muuzaji, nifungie hiyo.

Jumapili, 4 Mei

Wifi amepita "kusalimia". Kaigeuza mashine ya njano juu chini kama anayekagua samaki. Kasema ni nzuri—kwa mtoto anayeanza. Wa kwake tayari anahesabu kwa lugha mbili. Nikamwambia hongera, wangu anacheka kwa lugha zote. Akaaga mapema.

Jumatano, 7 Mei

Bata kabla ya chai. Bata baada ya chai. Hedifoni nilizozichagua kwa mbinde Kijiko hataki hata kuziona. Anasema akizivaa sisi hatutasikia. Kumbe anatugawia!

Leo Baba Kijiko alikuwa ananyoa ndevu, bata akaanza kulalamika sebuleni, nikamwona kwenye kioo anabana midomo asicheke. Hatakubali. Lakini nimemwona.

Ijumaa, 16 Mei

Mwalimu wa chumba chake alipiga simu niko na mwanafunzi katikati ya mzunguko, malori kila upande. Sikupokea. Akapiga tena. Tukaegesha.

Kijiko ndiye wa mwisho. Wa mwisho kabisa, na aliye juu yake yuko mbali. Mashine inasema hajui rangi, hajui namba, hatofautishi kikubwa na kidogo. Mwalimu aliongea kwa upole, ule upole wa mtu anayeleta habari za msiba. Anashauri abaki na wadogo mwaka mwingine. Na tumpeleke kwa mtaalamu, aangaliwe tu.

Nyumbani Baba Kijiko hakupaza sauti. Kasema, "Uliyechagua ni wewe." Basi. Akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nimekasirika. Hilo ndilo nitakalowaambia watu. Hapa naandika: nimeogopa. Kama kweli mtoto ana tatizo, na mimi siku zote nilikuwa nacheka naye tu?

Jumamosi, 17 Mei

Nimemwaga soksi zote kitandani. Lete nyekundu. Kaleta. Lete kubwa—kaleta ya baba yake, huku kaziba pua. Haya, hesabu vijiko. Kahesabu mpaka vikaisha, kisha akataka kujua vingine kachukua nani.

Anajua! Anajua kila kitu wanachosema hajui. Sasa mashine inapata wapi hayo maneno?

Baba Kijiko alisimama mlangoni akaona yote. Kasema basi mashine ndiyo mbovu, tuirudishe, tuchukue ya bluu. Nikamwambia haiendi popote mpaka nijue. Akasema mimi mbishi. Nikamwambia alinioa hivyohivyo.

Jumatatu, 19 Mei

Nimejua!

Nina mwanafunzi mmoja, mshonaji, mama wa makamo, mtu makini. Kila tukifika njia panda namwambia kulia, anakwenda kushoto. Mengine yote sawasawa: klachi anaiachia taratibu, vioo anatazama, indiketa anawasha—tena anawasha ya kushoto. Leo nilikanyaga ile breki yangu ya pili, gari likasimama, nikamwambia mama yangu, huku si kusahau. Akainamisha kichwa. Kumbe kushoto kuna karakana ya fundi magodoro, na fundi hukaa nje. Anataka aonekane yuko nyuma ya usukani.

Tulicheka mpaka akasahau klachi, gari likazimika. Halafu mimi nikaacha kucheka.

Nyumbani sikuvua hata viatu. Nikazima sauti ya mashine, nikampakata Kijiko, maswali nikawa namsomea mimi. La kwanza alikosa. Bata akaanguka kimya. Kijiko akamtazama, akasema bata anaumwa. Kuanzia hapo sahihi, sahihi, sahihi, harakaharaka, kama mtu anayemaliza kazi aende zake.

Nikarudisha sauti. Akakosa yote. Yote!

Mtu asiyejua hubahatisha, mara moja mbili atapatia. Ili ukose yote lazima uyajue yote. Ukipatia, mwanamke wa humo ndani, maana hata ya njano ina wake, anakwambia "vizuri sana" kwa sauti ya kuita namba benki. Ukikosa, unapewa bata. Hata mimi ningemchagua bata.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwonyesha Baba Kijiko. Kacheka mpaka akavua miwani. Halafu akawa mfamasia tena, dawa na kipimo chake: rahisi, mwambie abonyeze sahihi mpaka muhula uishe, kisha arudi kwa bata wake. Nikauliza kafanya kosa gani mpaka akatazwe kucheka. Akasema hakuna aliyesema kuna kosa.

"Huko mbele hakuna bata, Mama Kijiko. Afadhali ajue mapema."

Nikanuna.

Na nimejaribu. Naandika ili nisijisifu bure. Jioni nilimwahidi biskuti. Akabonyeza sahihi, vizuri sana, sahihi, vizuri sana, uso kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Alipomaliza hakuikimbilia biskuti. Akauliza bata kafanya nini. Nikasema amelala. Akainamia mashine akaipapasa polepole, asimwamshe.

Sirudii tena. Hata nipewe nini, sirudii.

Alhamisi, 22 Mei

Kwa Mwalimu Mkuu. Nilikwenda na sare ya kazi, yenye maneno MWALIMU WA UDEREVA mgongoni. Makusudi. Na yeye ajue anaongea na mwalimu.

Kanisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Halafu akaeleza kwamba mashine ni ile ile kwa wote na kipimo ni kile kile kwa wote. Nikasema izimwe sauti, dakika moja tu, ajionee. Akasema sauti ni sehemu ya mashine. Na mtoto anayeambiwa abonyeze nyekundu akabonyeza kijani hakufuata maelekezo, hilo nalo ni jibu.

Nikamwambia, "Mwalimu, mnapima kama mtoto anajua, au kama anatii? Chagueni moja, nijue nakataa lipi."

Akakunja mikono. Mezani kwake kulikuwa na kikombe kimejaa penseli zilizochongwa zote urefu mmoja, nikakitazama hicho nisije nikasema zaidi. Mwishowe tukakubaliana—yeye kakubaliana, mimi nimeambiwa. Kesho atampima mwenyewe, ofisini kwake, mashine ya njano, sauti wazi, wazazi nje. Akikosa tena anabaki na wadogo na mazungumzo yamekwisha.

Jioni wifi kapiga simu. Kaka yake keshamwambia yote, mdomo wake nao! Kajitolea kutuazima ya bluu, tuombe Kijiko apimwe kwa hiyo. Jibu nilikuwa nalo tayari, la moto. Lakini akashusha sauti, akasema mwanawe ya bluu haigusi mpaka alazimishwe, na kila siku anauliza lini wataenda kwa yule bata. Jibu nikalimeza. Nikamwambia amlete Jumapili, ashinde.

Ijumaa, 23 Mei

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu. Mlango umefungwa. Baba Kijiko yuko pembeni yangu na koti lake jeupe la duka la dawa. Kanigeuzia bega.

Ana haki. Tangu alfajiri ananisihi nimwambie mtoto neno moja: leo usimguse bata. Nikainama kumfunga viatu, neno lenyewe nikiwa nalo mdomoni. Kijiko akaniuliza kama Mwalimu Mkuu anamjua bata. Nikasema sidhani. Akasema, "Maskini." Kwa huruma kabisa, kama tunavyomsema mgonjwa. Nikamaliza kufunga viatu. Nikamwambia abonyeze anachotaka yeye. Nilipogeuka, baba yake alikuwa nyuma yangu kashika mfuko wa hedifoni.

Basi. Yakiharibika nimeharibu mimi. Wenzake watapanda, yeye atabaki na watoto wanaovaa nepi, na kila mwaka atatokea mtu wa kusema ni kiburi cha mama yake. Nimejiandaa kwa hilo. Uongo, sijajiandaa. Lakini sitamfundisha mwanangu kwamba kucheka ni kutojua. Hilo wamtafute mwingine.

Wameanza. Namsikia Mkuu, maneno siyashiki. Kisha kofi—Kijiko habonyezi, anapiga kwa kiganja. Bata.

Kofi. Bata.

Kofi, bata. Kofi, bata. Baba Kijiko kaficha uso mikononi. Kila baada ya bata, kile kicheko cha tumboni, mpaka mhasibu wa dirisha la ada kachungulia. Nimemkata jicho, kajirudisha ndani.

Kimya.

Kiti kinaburutwa. Nimesimama. Nimekaa.

"Vizuri sana," mashine imesema. Kofi sikulisikia. Kidole hicho, si kiganja. Cha mtu mzima.

Na Kijiko, kwa sauti yake ya kupitia ukutani: "Siyo hiyo, Mwalimu! Hiyo ndiyo nyekundu yenyewe. Ukibonyeza nyekundu hatoki. Bonyeza kijani."

Bata.

Kuna mtu mwingine anacheka humo ndani. Anajizuia, inamshinda. Baba Kijiko kainua uso. Kanishika mkono, na kalamu ikiwa ndani yake, ndiyo maana mwandiko huu umepinda.

"Na hapa?" Mkuu kauliza.

"Kubwa ni hii. Kwa hiyo wewe bonyeza ndogo."

Mlango haujafunguliwa. Bata tena.