Sufi ya Maboya Yako

Kaka yangu Omari,

Shikamoo. Anayeandika ni binti yangu Riziki. Mimi nasema tu, maana kalamu sikufunzwa. Nimemwambia asinirembee hata neno. Ijumaa ataisoma barua hii hapa Ngomeni, pwani, mbele ya wale wale waliokuita muuaji. Kisha itakuja kwako Lamu.

Wakumbuka boti yako ya abiria, enzi hizo Kilifi twavuka kwa feri? Maboya ya kuvaa ulikuwa ukiyaweka kwangu yasiibwe. Asubuhi waja kuyachukua, wayala mahamri yangu, wanitania: "Weye, ukipanda na huo ulimi wako boti itazama!" Nami nakujibu: "Na hilo tumbo lako je?"

Riziki akaposwa. Desturi waijua: mito ya bibi harusi hutoka kwa mamake, na wanawake wa kwa mume huja kuibonyeza mmoja mmoja, midomo wameibenua. Foronya nilikuwa nimeshazitarizi, sufi ya kuijazia mito sina. Na maboya yako yapo pale pale chumbani, yamejaa sufi, hayajapata kuvaliwa na mtu. Nikasema moyoni, haya ni ya kuonyesha wakaguzi tu. Nikayafumua. Nikatoa sufi, nikajaza matambara, nikashona. Mkono wangu wa sindano waujua. Hukutambua.

Wakwe walibonyeza, wakapiga vigelegele. Nikatamba, kaka. Nikatamba mtaa mzima.

Kisha wimbi likaipindua boti yako mkiingia ghubani. Waliojua kuogelea waliogelea. Mkewe Kazungu, yule aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga, hakujua. Boti ilipoanza kulala ubavu ulimvisha boya wewe mwenyewe, ukamfunga kamba kwa mikono yako, ukamwambia, "Usiogope, mama, hili halizami." Likazama naye.

Watu wakasema umenunua maboya mabovu kwa ubahili. Ulikuja kwangu nguo zinachuruzika maji, ukaniuliza: "Nimemfunga mwenyewe. Mbona limezama?"

Nikakwambia, "Kadari ya Mungu." Nikakumiminia chai.

Matambara yangu mimi, nikamtwika Mungu. Wewe ukafungasha ukaondoka, nami nikakutazama ukienda, nisiseme. Mimi, mwenye ulimi wa kuzamisha boti.

Riziki ameweka kalamu chini. Hakuwa akijua. Mito ile angali akiilalia, na wanawe pia. Andika, mwanangu. Utalia baadaye, nami nitalia nawe.

Juzi nilikwenda Gongoni kwa Kazungu. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa kuwa kukaa kwenye kiti chake niliona haya. Nilitaka anitukane, nipate pa kuanzia. Hakunitukana. Aliniuliza neno moja tu:

"La mke wangu ulitia nini?"

"Kanga zangu kuukuu, kama mengine."

Kisha akasema: "Kila nikiamka namlaani kaka yako. Mwambie nimekoma. Wewe nenda, mama. Leo siwezi kukutazama."

Basi nimekufikishia salamu yake. Msamaha sikuombi, sina uso wa kuuombea. Nakuomba urudi kwenu, utembee pwani kichwa juu, na watu wanitazame mimi. Kwangu usipopita sitauliza. Lakini mahamri yatakuwapo, na mlango sitaufunga.

Ni mimi dadako, niliyekuacha ubebe langu,
Mwanamisi