Maji kwa Adui

Shauri Moyo, Jumapili usiku, 1993

Singemwalika Wanjiru ukumbini kama ningejua leo wanaonyesha video ya vita. Amekuwa jirani yangu tangu alipokimbia mapigano ya Bonde la Ufa, ambako mumewe aliuawa.

Milio ya risasi aliistahimili. Kisha askari mmoja akamkuta adui amejeruhiwa, amelala shimoni. Ukumbi mzima ukapiga kelele, "Mmalize!" Askari akapiga magoti, akamnywesha maji. Hapo Wanjiru akainuka, akatoka.

Nilimfuata nje.

"Aliyenificha ghalani mwake alikuwa wa kabila moja na waliomuua mume wangu," alisema. "Aliniletea uji. Majirani zake walikuwa wakimwita msaliti."

"Yuko wapi sasa?"

"Sijui, dadangu. Nilipokuwa nikikimbia niligeuka, nikaona moshi upande wa kwake."

Nilitaka kumwambia labda ilikuwa nyumba nyingine. 

Kanisani Wanjiru huwa wa mwisho kuinuka baada ya sala, midomo ikitetemeka. Siku zote nilidhani anamwombea mumewe tu.