Programu ya Kuposa, Nakala Tano

Jumatatu, 3 Machi 1997

Sylvère amechelewa dakika nne. Nimemkata nne kwenye mshahara. Amesema ni bariyeri ya wanajeshi njiani. Kila mtu ana bariyeri yake! Mimi pia nimepita bariyeri na nimefika kabla ya king'ora. Kiwanda chetu cha sabuni kina watu arobaini, na mimi ndiye pointeur: fiche zao zote za kuandika saa ziko kabatini, ufunguo mfukoni mwangu.

Mchana Nsimire, binti ninayetaka kumwoa, alikuja getini. Baba yake anarudi kwao Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na familia nzima, Jumatatu tarehe 24, lori saa kumi na mbili asubuhi. Binti ambaye hajaposwa anarudi na wazazi. Kwa hiyo nina Jumapili tatu. Hata moja ingetosha, watu wakipangwa vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Tatizo ni couvre-feu: tangu saa moja jioni ni marufuku kuwa nje. Kutoka kwao Gasenyi hadi kwangu Bwiza ni dakika tisini kwa miguu — embargo, vikwazo vya biashara, essence ya magari hakuna. Nimepiga programu kwa mashine ya sekretari, karbon nne, nakala tano. Saa tisa: kufika. Tisa na dakika tano: salamu. Tisa na robo: kinywaji. Tisa na nusu: ombi. Saa kumi: jibu (dakika kumi). Kazi safi, nijisifu mwenyewe.

Baba mdogo Birindwa, atakayenisemea, amekataa hata kuisoma. Kwetu Bushi, kule Bukavu, amesema, neno halitajwi kabla mtungi wa kasiksi haujaisha. Nimemwambia pombe ni ya ndizi kweli, na mtungi nimenunua mdogo.

Jumapili, 9 Machi

Aibu! Baba mdogo alianza na ng'ombe wake aliowaacha alipokimbia vita. Mmoja mmoja, kwa jina! Saa tisa na nusu nikakohoa. Tisa na dakika arobaini nikamkanyaga mguu. Saa kumi kasoro tano tulikuwa kwa ng'ombe wa pili. Nikagawa nakala.

Mzee Bahizire, baba yake Nsimire, akavaa miwani, akasoma hadi chini.

"Jibu, dakika kumi. Ni mi njo nitajibu?"

Nikasema ndiyo baba, ila kama zinahitajika kumi na tano, zipo. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni. "Basi mutarudia siku ingine."

Saa kumi na dakika kumi tulikuwa nje. Ndicho kitu pekee kilichofuata programu.

Jumatano, 12 Machi

Nsimire getini. Hakucheka. Baba yake hajakataa, anauliza tu: "Mutu mwenye anaangalia saa mu salamu, siku mutoto yangu atagonjwa ataangalia nini?"

Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Siku waliyokimbia Bukavu yeye alipotea kwenye msongamano. Wote wakamwambia mzee twende, twende. Mzee akakaa njia panda juu ya valizi yake ya nguo, tangu asubuhi hadi jioni, mpaka akamwona anakuja.

"Kama angeangalia saa, mi singekuwa hapa."

Nampenda. Naandika hapa kwa sababu getini sikusema. King'ora kililia.

Ijumaa, 14 Machi

Sylvère, dakika sita. Nikashika kalamu muda mrefu. Nikaandika sita.

Jumapili, 16 Machi

Risasi tangu asubuhi upande wa kaskazini. Wanajeshi wa bariyeri wameturudisha nyumbani, sisi na mtungi wetu — mkubwa, safari hii. Baba mdogo ameunywa peke yake. Amesema haraka haraka haina baraka. Nimemwambia hiyo polepole yake ina lori tarehe 24.

Jumapili, 23 Machi

Naandika hapa hapa kwao, kwenye kona, kwa upande mtupu wa nakala ya tano ya programu. Saa yangu nimemwachia Mwavita, mwenye nyumba ninayopanga Bwiza. Mkono uko uchi.

Leo hakuna aliyekohoa. Baba mdogo ameanza upya, tangu ng'ombe wa kwanza. Mzee anauliza: alikunywa maji wapi? Nani alimchunga? Mtungi uko nusu. Mwanga wa dirisha ulishuka ukutani, ukafika sakafuni, ukaisha. Hiyo nayo ni saa, najua.

Wanajeshi walipiga filimbi barabarani, muda umeshapita. Couvre-feu. Hatutoki tena. Lori lao ni saa kumi na mbili asubuhi. Mizigo imefungwa, tumeikalia. Saa moja asubuhi king'ora cha kiwanda, na ufunguo wa kabati ninao mimi. Watu arobaini watasimama bila fiche. Sylvère atafurahi.

Naogopa. Ombi bado halijatajwa.

Mzee amenigeukia. "Moïse, saa ngapi?"

"Sijui, baba."

Ni kweli. Ameniangalia mpaka nikainamisha macho. Ameinuka, ametia komeo mlangoni, amerudi kukaa juu ya valizi yake.

"Muzuri. Sasa Birindwa, ile ng'ombe ya tatu ilikuwa rangi gani?"