Mlinda Imeandika Jina Langu

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Nimetolewa ofisi ya taaluma leo, mbele ya walimu wote! Mtihani wa moko, ule wa majaribio, wa Kidato cha Nne umevuja. Mlinda — ile programu inayofuatilia nani kafungua nini kwenye kompyuta za shule — imesema aliyeunakili kwenye flashi ni Elinaza. Mie. Na saa iliyoandikwa hapo nilikuwa uwanjani nachezesha netiboli, wanafunzi mashahidi. Mkuu, Mwalimu Stanley, akasema basi nilimpa mtu paswedi yangu, ni yale yale.

Akampigia simu aliyeitengeneza, kijana wa Kawe anaitwa Marijani, akaweka spika tusikie wote. Je, inaweza kukosea? Kijana akacheka. Eti mashine haina chuki na mtu, mkuu.

Alicheka. Kicheko kile atakilipia.

Nimepelekwa stoo, kwenye masweta na ndoo. Kiti changu kapewa mwalimu mwenzangu, Demetria.

Jumatano, 13 Agosti

Hawa watu wa Mlinda wana ukurasa wa maoni ya watumiaji. Nimeandika kwa adabu zote: naomba mwangalie, imeandika jina la mtu ambaye hakuwepo. Majibu yamekuja mchana. Asante kwa pendekezo, programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, usimpe mtu paswedi yako. Na kikatuni cha kutabasamu juu yake!

Jioni kwaya. Mwalimu wa kwaya kanivuta pembeni, kasema nipumzike kwanza, maneno yapoe. Goba nzima inajua. Nimerudi nyumbani sijaimba hata wimbo mmoja.

Jumamosi, 16 Agosti

Hija, anayefundisha kompyuta, ndiye pekee aliyeniuliza la maana. Shoga, siku ile umeme si ulikatika?

Ulikatika! Tukaingia maabara. Nikafungua kompyuta kwa jina langu, kama siku ile. Hija akachomoa waya ukutani, akarudisha, akaingia kwa jina lake yeye, akanakili faili. Ripoti ikasema nani? Elinaza. Tukarudia. Elinaza. Hija kapiga vigelegele humo ndani, mie nalia huku narekodi kwa simu.

Nimeweka video kwenye ukurasa wao. Marijani kajibu mwenyewe: haiwezekani, tumeshajaribu, mada imefungwa. Baadaye naangalia — video kaifuta.

Sawa, baba. Umefuta kwako. Kwangu ipo.

Jumanne, 19 Agosti

Mungu si Athumani! Jumamosi Marijani anakuja shuleni kwetu, ukumbini, kuionyesha Mlinda kwa wakuu wa shule wengine. Wanatoka mpaka Pugu. Mkuu kaniagiza mie nipange viti.

Nitavipanga. Kimoja cha nyuma ni changu. Hija atakaa karibu na swichi kubwa ya umeme. Nitaomba nafasi nitoe pendekezo, kwa upole kabisa, kisha umeme uzimwe na urudi, mtu mwingine aingie kwa jina lake, na kila mkuu ajionee kwa macho yake. Nimecheka peke yangu stoo mpaka mlinzi kachungulia.

Alhamisi, 21 Agosti

Marijani kapiga simu. Shikamoo dada! Juzi nilikuwa mtumiaji, leo dada.

Kasema amejaribu tena kama kwenye video yangu. Kweli ina kosa. Anaomba nimvumilie, Jumamosi ipite, atarekebisha na atamwandikia mkuu.

Nikamwambia akaseme Jumamosi, kwenye maiki, kama alivyosema kwenye spika.

Akashusha sauti: dada, nikisema hivyo siku hiyo nimekwisha. Nina mke mjamzito, nina vijana nimewaajiri.

Mie sina watu? Mama yangu kule Same anaulizwa sokoni mwanao kaiba nini!

Ndipo akatoa turufu yake. Ndani ya Mlinda kuna kumbukumbu isiyoonekana kwenye ripoti, inaonyesha aliyeingia kweli. Atanitajia jina, nami ninyamaze Jumamosi.

Nikasema haya, nanyamaza.

Akasema: Demetria.

Demetria! Siku ya kwanza stoo aliniletea chai na maandazi. Pole dada, Mungu anaona. Nikayala!

Ijumaa, 22 Agosti

Demetria kanisalimia getini. Nimemwitikia vizuri, nikamsifia na kitenge chake. Ngumi nimezificha mfukoni.

Hija anasema umeahidi, shoga, ahadi ni deni. Na huyo mwanamke mjamzito je, kakukosea nini?

Nikaenda kupanga viti.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandikia magotini, kiti cha nyuma. Ukumbi umejaa. Marijani mdogo kuliko nilivyodhani, koti limemzidi mabega. Anajifuta viganja kwenye suruali. Kidogo nimhurumie.

Mkuu mmoja kauliza kama Mlinda imewahi kumsingizia mtu. Angeweza kukwepa. Angeweza kusema tunaendelea kuiboresha. Kaniangalia — mkuu alishatutambulisha mlangoni — kisha kasema: haijawahi.

Haijawahi!

Sasa anaomba maoni. Nimenyoosha mkono. Kageukia upande wa pili. Nimeunyoosha tena. Mkuu wetu kamwambia, mpe na yule mwalimu wa nyuma.

Hija kanitazama, katikisa kichwa — kisha kasimama, kasogea kwenye swichi.

Anayezungusha maiki ni Demetria. Anakuja, anapenya katikati ya viti nilivyovipanga, anatabasamu. Kule mbele Marijani kaacha kuongea. Kanyanyua kiganja kidogo, ananiomba.

Maiki hii hapa — naweka kalamu chini, nasimama.